Mafundi wa Singida: Kutoka Lister ya Kusaga hadi Pikipiki ya Magurudumu Manne

Fundi pikipiki hodari wa Singida, ukimuuliza alifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani, mara nyingi utaishia kwenye kibanda cha mashine ya kusaga. Nayasema haya nikiwa mmoja wao. Baba yangu mdogo alikuwa mwendesha mashine kijijini, upande wa Ndago, wilayani Iramba. Mimi nilianza kwa kumshikia taa na kumpa spana, na leo nina gereji mjini Singida ninakotengeneza pikipiki, bajaji, guta za kubebea mizigo, na mara mojamoja zile pikipiki za magurudumu manne. Vijana wanaokuja kwangu hudhani ufundi huu uliletwa na bodaboda. Una umri mkubwa kuliko huo, na hasara ya kusahau ulikotoka naiona kila wiki mezani kwangu, katika rundo la spea nzima zilizotupwa bure.

Mashine za kwanza kubwa katika nchi hii zilikuja kwa ajili ya dhahabu. Wajerumani waliifungua Sekenke, kwenye ukingo wa nyanda za Iramba, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na hawapati tena fedha kutoka kwao, walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na kazi hiyo ikafanyika Tabora kwa msaada wa mafundi na vifaa vya reli. Migodi ya zama zile iliendeshwa kwa injini za mvuke na mikanda mirefu mipana iliyotoa nguvu kwenye gurudumu moja na kuipeleka kwenye jingine. Mahali penye mkanda lazima awepo mtu wa kuukaza, kuutia viraka na kuusikiliza.  

Kwa wananchi wa kawaida mashine ilifika kwa njia ya unga. Kabla yake mtama na uwele vilisagwa kwa jiwe, na aliyeliinamia jiwe hilo alikuwa mwanamke, alfajiri, kabla ya kwenda kisimani na shambani. Mashine ya kusaga ilimwondolea mzigo ambao hakuna sheria wala hotuba iliyokuwa imeugusa. Ndiyo maana mashine ikiharibika kijijini lilikuwa jambo zito. Akina mama waliofika na debe kichwani kutoka mwendo wa saa mbili hawakutaka kusikia habari za spea kutoka Dar es Salaam. Walikaa chini ya mti, wakamtazama fundi.

Injini iliyotawala vibanda hivyo ilikuwa Lister. Zilitoka Dursley, mji mdogo wa Uingereza, na ile aina yenye magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni ilianza kuuzwa karibu na mwaka 1930. Baadaye Wahindi wa Rajkot walizinakili, na nyingi za nakala hizo zikafika Afrika Mashariki. Ilikuwa injini ya dizeli ya mwendo wa taratibu, mizunguko 650 kwa dakika, na mdundo wake ulisikika vijiji viwili mbele, hata mtu aliyeko shambani akajua leo kunasagwa. Ilipozwa kwa maji ya pipa: maji ya moto yalipanda yenyewe juu ya pipa, ya baridi yakashuka kuingia kwenye injini, pampu haikuwepo. Kuiwasha ulinyanyua wenzo wa kuachia mgandamizo, ukazungusha hendeli hadi magurudumu yapate kasi, kisha ukaurudisha wenzo. Ikikohoa mara moja na kushika, uliichomoa hendeli upesi, maana hendeli iliyokwama kwenye shafti inayozunguka imevunja mikono ya watu.

Angalia kitu kimoja katika maelezo hayo. Umeme haumo kabisa. Dizeli inajiwasha kwa mgandamizo wa hewa, haihitaji plagi, koili wala betri. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha mafundi wa Singida kilisomea darasa moja tu, nalo ni mkanda. Kililisoma sana.

Baba mdogo alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Unga ukianza kutoka mkubwa na kinu kikipunguza kasi huku injini ikidunda vilevile, alizima. Alianza kwenye injini, akaenda kwenye puli ya injini, akaenda kwenye mkanda, akaenda kwenye puli ya kinu, akamalizia kwenye beringi za kinu. Hakuruka hatua hata moja. Kwenye puli aliweka kiganja: puli ya moto yenye beringi baridi maana yake mkanda unateleza, beringi ya moto maana yake kinu ndicho kinachokataa kuzunguka, na mkanda hauna kosa. Kisha aliugeuza mkanda na kuutazama upande wa ndani. Mkanda ulioteleza unang'aa, umekuwa mgumu, ukiupinda unatoa nyufa. Mkanda uliokatika nyuzi upande mmoja tu umeliwa na puli zisizokaa sawa. Hapo alitoa uzi wa mwashi, akauvuta kutoka uso wa puli moja hadi uso wa nyingine, na kama uzi haukugusa pande zote nne, alilegeza nati za injini na kuisogeza kwa mtaimbo.

Wengine walikuwa na dawa zao. Walimwagia mkanda soda, walipaka lami, walinyunyiza mchanga. Aliwakataza. "Mwanangu," aliniambia, "mkanda hauugui ngozi. Tafuta kinachouumiza." Na kweli, lami inashika siku mbili, ya tatu inakusanya vumbi, na Singida vumbi na upepo havijawahi kuwa haba. Vumbi likichanganyika na lami linakuwa msasa unaosaga mkanda na puli pamoja.

Mikanda mipana ilipopisha ile ya umbo la V, somo liliongezeka. Mkanda wa V haubebi mzigo kwa kitako chake, unabeba kwa mbavu zake mbili zinazojibana ndani ya mfereji wa puli. Ukiuona umezama hadi kugusa chini ya mfereji, umekwisha, hata kama bado mzima kwa macho. Na mikanda hiyo hufungwa miwili au mitatu sambamba. Ukibadilisha mmoja na kuiacha mikongwe miwili, ile iliyokwisha kurefuka inalegea, na mpya unabeba kazi ya wote mpaka unakatika. Wenye mashine walichukia sana kuambiwa wanunue mitatu wakati umekatika mmoja.

Halafu ikaja miaka ambayo hata huo mmoja haukupatikana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikauka. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na betri za tochi vilikuwa vya kupanga foleni, sembuse mkanda wa B wenye upana wa milimita 17. Hadi serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, mwaka 1984, fundi wa kijijini alijitegemea. Matairi ya lori yaliyochakaa yalichanwa, tabaka za turubai zikatolewa, zikakatwa kwa upana wa puli, ncha zikashonwa kwa waya. Mkanda wa namna hiyo ulisaga, lakini haukusamehe: puli ikiwa imepinda kidogo, unaruka. Ndipo watu walipojifunza kupima kabla ya kufunga. Nadai kwamba uhaba ule, pamoja na mateso yake yote, ndio uliotengeneza jicho la fundi wa Singida. Usipokuwa na cha kubadilisha, huna budi kujua hasa kilichoharibika.

Alizeti iliongeza kazi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lilikuwa tayari likihangaika na teknolojia za vijijini. Mwaka 1985 Carl Bielenberg, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Arusha, alibuni kikamulio cha mkono chenye wenzo mrefu ambacho watu wawili waliweza kukamulia alizeti uani. Kilisaidia kaya nyingi, lakini Singida, iliyokuwa inaelekea kuwa moja ya mikoa mikuu ya alizeti nchini, ilihitaji zaidi ya mikono. Zikaja mashine za kukamua zenye parafujo nene inayosukuma mbegu hadi mafuta yachuruzike na mashudu yatoke mbele. Hizo ni mtihani wa mkanda kuliko kinu cha unga. Mbegu ikikaukia ndani usiku, asubuhi parafujo imeganda. Mwendeshaji mvivu akiiwasha hivyohivyo, mkanda unachomeka palepale, na harufu ya mpira inafika barabarani.

Pikipiki zilikuwepo wakati wote huo, ila chache. Alikuwa nayo bwana shamba, padri, mchungaji, mganga wa zahanati. Zilikuwa Suzuki A100, Yamaha AG100, Honda za aina mbalimbali. Hapo ndipo umeme ulipoingia katika ufundi wetu, na aliyeitwa kuzitengeneza hakuwa mwingine ila mtu wa mashine ya kusaga, kwa kuwa ndiye pekee mwenye spana. Umeme wenyewe ulikuwa wa volti 6 kwenye nyingi kati ya hizo, taa yake manjano kama ya kibatari. Moto wa plagi ulitegemea platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani ya magneti. Vikiungua pikipiki inakohoa. Vikiachana kwa upana usio sahihi, haiwaki. Baba mdogo alivisafisha kwa msasa laini.

Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hakutafuta akili mpya kwa ajili ya umeme. Alitumia ileile ya mkanda. Nguvu inatoka mahali, inapita mahali, inafika mahali. Simama kila kituo uulize kama imefika. Alikuwa na balbu moja iliyochomelewa nyaya mbili. Aligusa kwenye betri, ikawaka. Aligusa baada ya fyuzi, ikawaka. Baada ya swichi, ikafifia. Basi kosa liko kwenye swichi, na hakuwa na haja ya kufungua kitu kingine. Ukimwona akifanya hivyo baada ya kumwona kwenye kinu, ulijua ni kazi ileile.

Mwanzoni mwa karne hii zikafika pikipiki za Kichina, Toyo, SanLG, T-Better na nyinginezo, na baada yake Boxer na TVS kutoka India. Nyingi za zile za Kichina zilibeba injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, ambayo Honda waliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu baada ya kuona jinsi waendeshaji wa nchi hizo wanavyobebesha mizigo na kuchelewa kubadilisha oili. Mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na bodaboda ikawa ajira inayotambulika. Misigiri, Ikungi, Manyoni, Itigi, kila njia panda ikapata kijiwe, na kila kijiwe kikahitaji fundi. Hakuna kitu kilichopanua ufundi wetu kama hicho, na ninakishukuru, kwani ndicho kilichosomesha watoto wangu.

Lakini spea zikawa rahisi, na urahisi ukala akili. Platini zimeondoka, mahali pake pamekaa sidiai, kiboksi kilichofungwa ambacho huwezi kukitazama ndani. Pikipiki ikikataa kuwaka, kijana anabadilisha sidiai. Isipowaka, anabadilisha koili. Isipowaka tena, plagi, halafu rektifaya. Mteja amelipia vitu vinne, na kumbe waya wa ethi umeota kutu chini ya boliti ya chesisi. Nimewaona vijana wenye mikono mizuri kuliko yangu wakifanya hivyo, na inaniuma, kwa sababu mita ya kupimia umeme leo inauzwa kila duka la vifaa, na baba mdogo alifanya yote yale kwa balbu.

Pikipiki ya magurudumu manne ndiyo inayofichua udhaifu huo. Singida si nyingi. Zinakuja na watafiti wa madini, na wahifadhi, na watu wa misheni, zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Kijana anaizunguka akitafuta cheni upande wa injini haioni. Anakuta kasha la plastiki, ndani yake puli mbili za koni na mkanda mpana. Asili ya mpango huo ni ya zamani: kampuni ya DAF ya Uholanzi iliuonyesha kwenye gari dogo mwaka 1958, na Polaris ya Marekani ilipoanza kutengeneza pikipiki za magurudumu manne mwaka 1985 iliutumia. Puli ya injini ina vizito ndani. Injini ikipandisha mizunguko, vizito vinatanuka na kuzibana koni, mkanda unapanda juu; puli ya nyuma inafunguka dhidi ya springi yake, mkanda unashuka. Gia inabadilika yenyewe bila mguu wala mkono.

Mwendesha Lister angeifahamu kwa dakika moja. Injini inanguruma, pikipiki haiendi, kuna harufu ya mpira: mkanda unateleza. Fungua kasha, tazama mbavu. Ukiwa unang'aa pande zote, umebebeshwa mzigo mkubwa kwa mwendo wa chini, au maji yameingia, jambo la kawaida kwa aliyevuka mbuga ya Wembere masika. Ukiwa na bonde sehemu moja tu, mtu alikwama topeni akakanyaga mafuta huku magurudumu hayazunguki. Ukiwa mwembamba kuliko kipimo cha kitabu, umemaliza umri wake. Kabla ya kufunga mpya, safisha nyuso za koni, zisiwe na grisi hata tone, na hakikisha springi na vizito vinacheza. Mkanda mpya kwenye puli chafu ni fedha iliyochomwa.

Na kwenye hizo kuukuu, shida ya mkanda na ya umeme huja pamoja, jambo linalowachanganya wengi. Betri iliyopumzika ikiwa imejaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma inapaswa kupanda hadi kama 14. Isipopanda, pima waya zinazotoka kwenye jenereta ya ndani, kisha rektifaya, kisha viungio, kwa mpangilio huo. Ikipanda ilhali stata bado inavivia, weka mita kati ya ncha hasi ya betri na mwili wa injini wakati mtu anawasha. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi yako ni mbovu: fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena. Pikipiki ya namna hiyo imewahi kuletwa kwangu ikiwa na betri mpya, stata mpya na rilei mpya, na dawa yake ilikuwa msasa.

Vibanda vya kusaga navyo vinabadilika. Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zilianza kuingia vijiji ambavyo hatukuzitarajia, na mwaka 2016 ulikamilika mkongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Mwenye mashine anafunga mota ya fezi tatu, anaepuka gharama ya dizeli, na ana haki. Mkanda haujaondoka, bado unaunganisha mota na kinu, na fundi asiyejua kwamba kubadilishana nyaya mbili za fezi kunageuza mzunguko atashangaa kinu kikizunguka kinyume. Lister ndiyo inayoondoka. Inavunjwa kwa nyundo na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Basi nina ombi kwa wenye mashine wa Iramba, Mkalama, Ikungi na kwingineko mkoani. Kama una Lister iliyolala nyuma ya nyumba, kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, waulize walimu wa chuo cha ufundi stadi cha VETA hapa Singida au fundi yeyote mwenye wanafunzi kama wanaihitaji. Wapeni vijana waifungue, wavute uzi kwenye puli, waweke kiganja kwenye beringi. Na wazee mliowahi kuziendesha, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Nendeni mpimwe, mkae na hao vijana mkiwa na hati mkononi. Gereji yangu iko wazi kwa yeyote atakayeileta injini, na gharama ya kuisafirisha tutachangiana.